Taa Zisizofika Mbali

Ndithini,
6 Machi 2001

Kwa Bwana Elmi,
Yadi ya Magari, Kyumbi.

Bwana Elmi,

Salamu. Mimi ni Musembi wa Ndithini, yule mzee aliyenunua kwako stesheni wagoni nyeupe baada ya Krismasi. Labda utanikumbuka kwa sababu nililala chini ya gari nikiwa na suti, nikakagua chasisi, na vijana wako wakacheka.

Sikuandikii kukushukuru. Taa za mbele za gari hiyo ni mbovu. Mchana huwezi kujua, na mimi nilinunua mchana. Jua likishatua nikiwasha, mwanga unaanguka hapo hapo mbele ya bampa kama maji yaliyomwagwa. Kando ya barabara sioni kitu. Nikiweka fulu, ule mwanga wa mbali, ni kama sijaweka. Juzi nikitoka Kithyoko nilipita lango la boma langu mwenyewe, nikaenda hadi kwa jirani ndipo nikajua nimepotea, nikageuzia huko kama mgeni.

Nimeendesha malori na greda za serikali tangu kabla sijaoa hadi nilipostaafu mwaka jana. Barabara nyingi za huku ni mimi nilizichonga. Kwa hivyo usinijibu kwamba mzee hajui taa.

Gari hii si ya kujionyesha. Huku kwetu mgonjwa akizidiwa, ni mlango wangu unaogongwa. Mama akishikwa na uchungu, ni mimi. Kwaya ikialikwa mbali, ni mimi. Nikiua mtu kwa taa zako, damu hiyo utaibeba wewe au nitaibeba mimi?

Nataka taa zitengenezwe, au gari irudi kwako.

Musembi.


Kyumbi,
14 Machi 2001

Mzee Musembi,

Salamu kwako na kwa nyumba yako. Mimi ni Sabrin, binti yake Elmi. Siku hizi baba hasomi barua za yadi. Kazi hiyo ni yangu, na kazi ya kuleta magari kutoka Mombasa ni ya kaka yangu Mustaf. Kwa hivyo hasira zako zimenifikia mimi, nami nimezipokea.

Gari lako lilikaguliwa kabla hatujakuuzia, na taa zilikuwa zinawaka. Lakini sitaki kubishana na mtu aliye barabarani nikiwa mimi nimekaa ofisini. Vumbi la kwenu ni jingi. Futa vioo vya taa kwa kitambaa chenye maji, kisha vipake dawa ya meno na uvisugue taratibu, utaona ile rangi ya njano inatoka. Ukiona hakuna tofauti, leta gari. Tuna fundi wa umeme wa magari, anaitwa Masila, ni mtu wa kwenu Ukambani na hana haraka.

Tafadhali safiri mchana.

Wako,
Sabrin Elmi.


Ndithini,
2 Aprili 2001

Bi Sabrin,

Nakubali neno moja. Yule Masila ni fundi wa kweli. Alifungua taa nikiwa nimesimama pale pale. Kile kioo cha ndani kilikuwa kimefifia kama sufuria iliyopikiwa mahindi ya muthokoi miaka mingi, na waya unaoshikana na bodi ulikuwa umeliwa na kutu. Kumbe sikuwa nasema uongo. Na wewe ulikuja ukatazama, ukasema mbele ya watu, "Pole mzee, hili ni kosa letu," na hamkunilipisha kitu. Hayo nayashukuru.

Lakini nimefika nyumbani, na giza ni lile lile. Nafikiri limezidi.

Sijui mlichofanya. Labda mliweka balbu za zamani nilipokwenda kunywa chai. Sisemi ni wewe. Nasema tu kwamba siku hizi silali. Naamka, natoka nje, nawasha taa za gari, natazama ukuta wa ghala, nazima. Asubuhi nafuta vioo. Jioni nafuta tena. Kalunde mke wangu ananiangalia tu, haulizi. Na yeye pia amekuwa na tabia mpya. Hataki niende popote jioni bila yeye, utafikiri ndio kwanza tumeoana. Anaongea njia nzima kama redio. "Hapa ni kwa kina Mutindi. Hapa kulikuwa na shimo. Ona, mbuzi wa mwalimu." Namwambia, mama, mimi ndiye niliyechonga hii barabara. Ananyamaza kidogo, halafu anaanza tena.

Nitumie balbu kali zaidi. Zile za malori.

Musembi.


Kyumbi,
20 Aprili 2001

Mzee Musembi,

Nimekutumia balbu mpya kwa dereva wa lori la mahindi linalokuja Kithyoko. Ziko ndani ya boksi lake, hazijafunguliwa, ili usije ukasema ni za zamani. Si za malori. Balbu ya lori ingeunguza waya wa gari dogo, na wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Sasa niruhusu niseme wazi, kwa heshima. Jioni ile gari lako lilipolala kwetu, Mustaf aliliendesha hadi karibu na Machakos mjini na kurudi, giza limeshaingia. Aliona mpaka mbuzi waliolala kando ya lami. Fundi wangu hakubadilisha balbu zako kwa siri. Mtu akitaka kurudisha gari kwa sababu amechoka nalo, au wanawe wamemwambia alinunua vibaya, aseme hivyo na tutaketi tuzungumze. Asitafute njia kupitia taa.

Ukiweka hizo balbu na bado ukaona giza, mimi sina tena la kutengeneza.

Sabrin Elmi.


Ndithini,
18 Mei 2001

Bi Sabrin,

Nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine.

Jumamosi nilikuwa natoka sokoni. Kalunde hakuwa nami, alikuwa kwa dada yake anayeugua. Jua lilikuwa limezama lakini anga bado ina weupe, ule wakati taa hazijui kama zinahitajika. Nilikuwa nimewasha. Balbu zako mpya zilikuwa ndani.

Nilisikia kabla sijaona. Gari ilipiga kitu laini, kisha kitu kigumu, na maji yakaruka hadi kwenye kioo. Nilisimama. Nilipofungua mlango nikasikia mtu anahema, nikafikiri nimeua.

Alikuwa Nthambi, mjane anayekaa karibu na mto. Alikuwa anatoka kuteka maji na punda wake. Punda alikuwa upande wa barabara, yeye upande wa nyasi. Punda amekufa. Nthambi hana hata mchubuko. Alikuwa ameketi kwenye nyasi ameshika kamba, na kamba haikuwa na kitu mwisho wake.

Watu walikuja. Wakaniuliza, "Musembi, hukumwona?"

Nikasema, "Taa."

Neno moja tu. Lakini lilitembea kuliko gari. Jumapili lilikuwa kanisani. Jumatatu lilikuwa kwa chifu. Sasa vijana wanasema watakuja kwenu Kyumbi, na kuna wengine wanaoongea maneno mabaya kuhusu nyinyi watu wa Elmi, maneno ambayo mimi sikuyasema. Chifu ameitisha baraza mwezi ujao, na nimeambiwa nitasimama nieleze jinsi mlivyoniuzia gari mbovu.

Sijui niongeze nini.

Musembi.


Kyumbi,
26 Mei 2001

Mzee Musembi,

Walikuja. Hawakupiga mtu. Walisimama langoni wakasema magari yetu ni majeneza, wateja wawili waliokuwa wakiangalia pikapu wakaondoka, na tangu siku hiyo hakuna aliyeingia. Asubuhi yake tulikuta lango limeandikwa kwa rangi nyeusi: RUDINI KWENU MKAUZE NGAMIA. Mimi nilizaliwa Machakos mjini, nikasoma hapo, nikavunjika mkono nikicheza mpira wa kati hapo. Nimekaa nikifikiri kwetu kwingine ni wapi, na sijapata jibu.

Mustaf anataka tufunge yadi tuhamie Eastleigh, kwa watu wa kabila letu. Mimi nimeshindwa kutulia. Kila jioni nawasha taa za kila gari lililoko yadini, napita mbele ya moja baada ya jingine, nazima, narudi tena. Kama nimeuza kifo, nataka kuijua sura yake.

Baba alikuwa langoni siku ile walipokuja. Baba haoni, Mzee Musembi. Sikukuambia mwanzoni kwa sababu mteja akisikia mwenye yadi ni kipofu, atadhani hata magari yalinunuliwa kwa kupapasa. Kuhusu yale maandishi hajui. Nimemwambia walimwaga rangi tu.

Walipoondoka aliniita akasema, "Nisomee barua za huyo mzee." Nikamsomea zote. Nilipofika pale ulipopita lango la boma lako, alinyanyua mkono nikasimama.

"Taa zilitengenezwa kweli?"

"Zilitengenezwa, baba."

"Na Mustaf aliona mbali?"

"Aliona."

Akasema, "Basi taa ni nzima. Huyo mwenzangu anapofuka."

Nilimwambia asiseme hivyo kuhusu mtu asiyemjua. Akasema anakujua. Zamani akiuza ng'ombe alianza kugombana na duka lililotuuzia mafuta ya taa. Aliapa wanachanganya na maji. Tukabadilisha duka. Tukabadilisha taa, tukanunua karabai, nyumba ikawaka kama harusi, na yeye akasema bado ni giza. Mchana alikuwa anahesabu ng'ombe wake kutoka mbali bila kukosea, kwa hivyo hakuna aliyemdhania. Kisha akaanza kukanyaga ndama zizini. Daktari alipomwona alisema ni presha ya macho. Haiumi. Inaanza pembeni, inakula polepole kuja katikati, na iliyokwisha kula hairudi. Angefika mapema, matone yangeizuia.

Sikuulizi haya kama mwenye duka. Ukitoka juani ukaingia nyumbani, unachukua muda kuona viti? Unagonga miimo ya milango? Unamwaga chai mtu akikupa kutoka kando?

Kuna madaktari wa macho watakuja katika hospitali ya misheni hapa Machakos mwishoni mwa Juni. Njoo. Na mpaka hapo, nakuomba kama binti anavyomwomba mzazi, usiendeshe jioni.

Sabrin.


Ndithini,
1 Juni 2001

Sabrin Elmi,

Nilinunua gari kwenu. Macho sikununua kwenu. Yaache.

Ujanja huu nimeuona. Baraza likikaribia, mwenye kosa anatafuta ugonjwa wa mwenye haki. Mwambie baba yako nampa pole kwa hali yake, lakini asinigawie.

Musembi.


Kyumbi,
8 Juni 2001

Mzee Musembi,

Nimesoma. Sijakasirika, ingawa nilijaribu.

Nimeandika nikuambie kitu kimoja. Yale niliyokuandikia sijamwambia Masila, sijamwambia Mustaf, na sitamwambia chifu wenu. Wakiniita barazani nitasema taa zilikuwa na kosa na tukalitengeneza, basi. Sitajitetea kwa macho yako. Ukisimama ukasema ni taa, sitakuja kukupinga, na kama yadi itafungwa, itafungwa. Watu wamefunga maduka kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Lakini usiendeshe jioni. Hilo ndilo ninaloomba, na sina lingine.

Sabrin.


Ndithini,
2 Julai 2001

Mwanangu Sabrin,

Barua hii imenichukua muda. Nimeianza mara nyingi mchana chini ya dirisha, nikaichana.

Ile barua yako ya pili kuhusu macho ndiyo iliyoniangusha. Ya kwanza niliweza kupigana nayo. Ya pili nilikosa mahali pa kuishika. Nilitembea nayo mfukoni hadi shambani na kurudi, nikang'oa mahindi badala ya magugu, Kalunde akaniita nikamjibu vibaya. Jioni nikamwambia, "Njoo tupime taa." Nikageuza gari ikatazama ukuta wa ghala, nikawasha fulu, nikakaa kwenye usukani. Nikamwambia, "Nenda usimame kwenye ukuta, popote unapotaka, usiseme kitu."

Alikwenda. Nikatazama. Katikati ya ukuta niliona mwanga, duara moja hivi, na nyufa za udongo nikaziona vizuri sana. Kalunde sikumwona. Nikangoja atokee. Nikasema, "Umesimama?" Hakujibu, kwa sababu nilimwambia asiseme. Nikasema, "Kalunde, uko wapi?"

Akasema, "Niko hapa mbele yako, baba Nzisa. Napunga leso."

Nikageuza kichwa polepole kufuata sauti, na ndipo akaingia ndani ya lile duara. Alikuwa amenyanyua leso yake nyekundu juu ya kichwa kwa mikono miwili, na taa zilikuwa zinammulika yeye na ghala zima na mti ulio nyuma ya ghala. Aliniambia mwanga ulifika hadi kwa jirani. Alikuwa analia, na hakuwa amenyamaza kwa sababu ya kunitii. Alinyamaza kwa sababu alijua tangu zamani. Ile redio yake ya njiani, kwa kina Mutindi, shimo, mbuzi wa mwalimu, alikuwa ananionyesha barabara bila kuniaibisha. Na siku moja tu alipokwenda kwa dada yake, nikamgonga punda.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Akasema, "Ningekuambia nini? Ulikuwa umestaafu. Kitu kilichobaki kilikuwa ni hiyo gari."

Sasa kuhusu baraza. Nilikwenda kwa miguu, mchana. Watu walikuwa wengi, hata wa Kithyoko walikuja. Chifu akasema, "Mzee Musembi, tueleze kuhusu hizo taa." Vijana wakapiga makofi kabla sijafungua kinywa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kujifunika. Yote yakatoka kichwani.

Nikasema, "Gari ilikuwa na kosa, ikarudishwa yadi, ikatengenezwa bure. Siku niliyomgonga punda taa zilikuwa nzima. Mimi ndiye sioni."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Huoni vipi, mzee, na unatutazama?"

Nikasema, "Wewe uliyesema sikuoni. Namwona chifu peke yake. Wengine wote mko gizani, na ni saa ya mchana."

Hiyo ya mwisho nilizidisha kidogo. Nilitaka waelewe. Halafu nikasema yule binti wa Kyumbi alikuwa anajua, na angeweza kusema, akachagua kunyamaza yadi yake ikifa. Nikawaambia walioandika lango lile wanajijua, na kwamba aibu ni yao na yangu, kwa sababu waliandika kwa neno langu.

Nilimngoja Nthambi. Nilijua yeye ndiye mwenye haki ya kunilaani. Akasimama, akasema kwa Kikamba, na nitakuandikia kwa Kiswahili: "Siku hizi zote nimekuwa nikiuliza kwa nini punda wangu. Kila Jumapili huyu mzee alikuwa anabeba kwaya, na watoto wetu ndani. Sasa nimeacha kuuliza." Akaketi. Chifu akafunga baraza. Watu waliondoka mmoja mmoja bila kuagana.

Nilikwenda Machakos na Kalunde kwa basi kuwaona wale madaktari. Walinipulizia upepo kwenye jicho, wakaniweka mbele ya mashine nibonyeze kila nikiona nukta ya mwanga. Nilikaa hapo kidole kiko tayari, nikafikiri mashine haijaanza. Daktari akasema ni kama baba yako alivyosema. Pembeni kumekwisha. Katikati bado, na matone yakiwekwa kila siku bila kukosa, huenda pakabaki. Akaniambia nisiendeshe tena, si jioni, si mchana. Nikamwambia ndiyo, daktari, kama mtoto wa shule.

Tulipotoka tulipita kwenu Kyumbi. Ulikuwa umekwenda benki. Nilimkuta mzee Elmi kwenye kiti chake kando ya lango, nikajitambulisha, akanishika mkono asiuachie. Kalunde akatuacha akaenda kununua ndizi barabarani. Hatukuongea sana. Wazee wawili, tutaongea nini? Aliniuliza kama matone yanawasha. Nikasema yanawasha. Akasema yeye hakuyapata wakati bado kulikuwa na jicho la kuwashwa.

Yale maandishi bado yalikuwepo. Mlijaribu kuyasugua, lakini yanasomeka. Sikujua kama nimwambie, kwa sababu uliniandikia kwamba hajui. Nikasema, "Mzee, lango lako limechakaa. Nipe brashi nilipake rangi, nisikae bure."

Akasema, "Lipake. Na uanzie pale penye ngamia."

Nikashtuka. Nikamuuliza alijuaje.

Akasema, "Vijana wa yadi walipoyasoma, waliyasoma kwa sauti. Sabrin anafikiri sijui, nami namwacha, kwa sababu anapata nguvu akifikiri kuna kitu ananikinga nacho."

Sikuahidi kunyamaza, ndiyo maana nimekuandikia. Katika nyumba yangu tulifichana hivi hivi, kila mmoja akimhurumia mwenzake, na karibu tumzike mtu. Mwambie baba yako unajua kwamba anajua.

Nililipaka lango rangi ya kijani, ndiyo Masila aliyoipata. Nimepaka kwa kufuata duara langu, kipande kwa kipande. Kama kuna mahali niliporuka, utanisamehe.

Mimi,
Musembi.


Kyumbi,
11 Julai 2001

Mzee wangu,

Uliruka mahali pengi. Mustaf alitaka kumalizia nikamkataza.

Nilimwambia baba. Alicheka, kisha tukakaa hapo langoni mpaka chai ikapoa. Hatufungi yadi. Jana mtu wa Ndithini alikuja kutazama pikapu. Alizunguka, akajikohoza, akaniomba niwashe taa. Niliziwasha. Alisema anaitwa fulani, na kwamba siku ile naye alikuwa kwenye lile kundi, akasimama nyuma. Nikamwambia akae kwenye usukani ajaribu.

Gari lako tutalichukua ukitaka, nasi tutakurudishia haki yako yote. Sema tu.

Sabrin.


Ndithini,
19 Novemba 2001

Sabrin mwanangu,

Mimi ni Kalunde. Hatujaandikiana, lakini barua zako zote nilizisoma, hata zile alizoficha chini ya godoro. Musembi anasema nikujibu mimi, kwa sababu jambo la gari sasa ni langu.

Gari haitarudi. Huku hakuna mwingine mwenye gari, na wagonjwa hawajaacha kuugua. Mwezi wa nane nilimwambia Musembi anifundishe kuendesha. Alinitazama kwa hilo jicho lake la katikati, akasema, "Mama, una wajukuu." Nikasema wajukuu hawajui kuendesha.

Alinifundisha katika uwanja wa shule wakati wa likizo. Ni mwalimu mkali. Alipiga kelele juu ya klachi mpaka ng'ombe wakatoka uwanjani wenyewe. Nilizimisha gari, nikaivutavuta kama mbuzi, nikavunja kibanda cha mlinzi upande mmoja. Siku nyingine nilishuka nikaenda nyumbani kwa miguu nikamwacha ameketi ndani. Alinifuata jioni akipapasa ua kwa fimbo, akasema kesho tutaanza na kurudi nyuma, maana naona mbele umekataa. Lakini akiweka mkono juu ya wangu kwenye gia, anasikiliza injini na kunijulisha wakati, hapo sijawahi kuona mtu anajua kitu namna hiyo. Leseni nilipata mwezi uliopita. Yule mkaguzi aliniuliza umri mara mbili.

Asubuhi za Jumatano nambebea Nthambi maji kutoka mtoni. Hatujazungumza mengi, yeye na mimi. Anapakia mitungi, mimi naendesha. Musembi hufunga milango.

Nataka nikueleze juu ya jana. Dada yangu alizidiwa, tukampeleka Kithyoko kwenye zahanati, na tulipotoka jua lilikuwa linatua na mawingu ya mvua yamejaa. Sijawahi kuendesha wakati kama huo. Nilitaka tulale huko. Musembi akasema, "Twende."

Aliketi kando yangu ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Mguu wake ulikuwa unakanyaga breki pale chini ambapo hakuna breki. Kila nikikata kona alikanyaga. Kila gari ikija mbele, alivuta pumzi akaishikilia mpaka ikapita. Nilijua hali yake, kwa sababu ndivyo nilivyoketi mimi hapo hapo kwenye kiti hicho, miezi mingi. Sikumtajia nyumba za watu.

Mvua ikaanza. Njia ikawa nyekundu na laini, nami nikaenda kwa gia ndogo kama alivyonifundisha. Tulipovuka daraja niliona mguu wake umetulia. Baada ya kanisa, mkono mmoja ukaachia mpini, ukaanguka mapajani. Nilipomtazama, kichwa chake kilikuwa kimeegemea kioo na kinywa kiko wazi kidogo. Tangu arudi na gari hiyo kutoka kwenu hajalala usiku mmoja kamili, mwanangu. Sasa alikuwa anakoroma.

Tulifika langoni kwetu. Sikuingia. Nilipita, nikaenda mbele hadi njia panda, nikageuza, nikarudi taratibu, ili alale kidogo zaidi.

Msalimie baba yako.

Kalunde.